Miti Miwili ya Langoni kwa Nelima

Yamumbi, Eldoret
18 Novemba 1985

Gathogo ndiye atachagua! Nelima, umesikia? Gathogo wangu huyu huyu, uliyemfunga mgongoni kwa leso yako nyekundu wakati mimi niko kitandani na malaria, ndiye Umoja wa Shule za Kanisa umemweka mbele kuchagua njia ya kuunganisha shule zake zote, kutoka hapa Eldoret mpaka Cherangani, mpaka kule chini bonde la Kerio ambako hata barua hufika ikiwa imezeeka. Mwalimu mkuu wa hapa ataongea na mwalimu mkuu wa bondeni kama mimi na wewe tunavyoongea juu ya ua. Na atakayesema iwe hivi au iwe vile ni mtoto wa Waceke, Waceke aliyeachia masomo darasa la nne!

Haya, sasa nikusalimie. Hujambo dada? Mama yako anaendeleaje na ile nyonga? Huku nyumba yako naifagia, kuku wako wanataga, na yule jogoo wako bado ana kiburi.

Sasa sikiliza. Wanasema njia ni mbili. Kuna simu ya waya, hii tunayoijua, na kuna redio koli, ile mtu anasema na sanduku na mwenzake anamsikia akiwa mlima mwingine. Sijamuuliza Gathogo atachagua gani. Nitauliza nini na macho ninayo? Ni simu. Mzee Lazarus wa msumeno wa petroli ameniambia tangu lile jaribio la mapinduzi la Agosti ya themanini na mbili serikali haitaki watu wakiongeaongea hewani, na mtoto wangu si mjinga. Tena nina ushahidi wangu.

Juzi vijana wawili wa ofisi yake walikuja kutoka Nairobi, wamefunga tai, viatu vimejaa matope ya Yamumbi. Walizunguka shule ya kanisa, halafu wakasimama langoni kwako wakaangalia ile mikaratusi yako miwili mirefu mpaka mmoja kofia ikamwanguka. "Mama, miti hii ni ya nani?" Nikasema ni ya dada yangu Nelima, na mtunzaji ni mimi. Akamwambia mwenzake, "Hii ndiyo hasa." Akaandika. Sikuuliza ni ya nini. Mama wa mkubwa aulize vijana wa mkubwa? Wataenda waseme huyu mama hajui hata kazi ya mtoto wake. Nikawapa chai na viazi vitamu, nikatingisha kichwa kama mtu anayejua.

Nguzo, Nelima! Nguzo za simu, na wameanza na zako! Sasa nguzo mbichi haichukuliwi, lazima ilale ikauke. Kwa hivyo akina mama wa kikundi wamekubali, vile tunavyosaidiana kulima, tuje tuiangushe miti yako yote kabla majirani zetu wa Kiplombe hawajaamka na misumeno yao wakatutangulia. Lazarus ana nafasi Jumamosi tarehe 30. Nijibu haraka. Nikikosa kusikia, nitajua umekubali, kwa sababu lini mimi na wewe tumewahi kunyimana kitu?

Mchungaji ameshatangaza kanisani. Nilisimama nikaongeza kidogo, nikasema nguzo ya kwanza itatoka kwa Nelima. Vigelegele vilivyopigwa ungevisikia huko Kimilili.

Ni mimi dada yako,
Mama Gathogo


Kimilili
26 Novemba 1985

Mulembe, Mama wa Mkubwa,

Barua yako nimemsomea mama akiwa kitandani, akacheka mpaka nyonga ikamkumbusha adabu. Anasema ndiyo maana yule mtoto alikuwa analia sana mgongoni kwangu, kumbe alikuwa anajaribu mitambo. Mimi nasema Umoja wa Shule unajitaabisha bure. Wangekuweka wewe juu ya kilima cha Yamumbi, na Kerio wangesikia kila kitu bila waya na bila redio.

Nakutania, Waceke. Nimefurahi hadi nimetoka nje nikazunguka nyumba. Huyo ni mtoto wetu sisi wawili. Mwambie mama yake mdogo amesema asiharakishe, achague vizuri.

Sasa neno la miti. Ile ya chini upande wa mto, kata. Marehemu wangu Wasike aliipanda iuzwe, na kama itabeba simu ya Gathogo, Wasike huko aliko atavuta kiko chake kwa raha. Lakini ile miwili ya langoni usiguse. Narudia kwa sababu nakujua ukishashika jambo: usiguse. Hujui habari yake kwa sababu ulikuwa bado hujahamia. Tulipofika Yamumbi hatukuwa hata na jiko. Wasike alichimba mashimo hayo mawili kabla ya kuchimba la choo. Nilimgombeza! Akasema, sisi tumetoka mbali, siku watu wetu wakitutafuta wasizunguke wakiulizauliza kama wezi, waone miti tu. Na siku ya kumzika, ndugu zake walifika kwa kuifuata hiyo. Hawakumuuliza mtu.

Hata mimi, ninapotoka safari, nikiiona kutoka barabarani ndipo moyo unakaa. Simu ikose nguzo, lakini hiyo iache.

Mama akianza kutembea nitarudi. Msalimie jogoo.

Nelima


Yamumbi, Eldoret
9 Desemba 1985

Mpendwa Nelima,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Sisi tuko wazima. Barua yako nilipata, asante sana. Mvua imekatika na mahindi yako nimeyaingiza ghalani, nimeyapanga vizuri, panya hawajaonekana. Kuku mmoja ameatamia. Mwalimu mkuu wa shule ya kanisa anakusalimu. Mke wa mchungaji amejifungua msichana. Wanasema Krismasi hii mchele utakuwa shida, lakini mwaka gani hawasemi hivyo?

Nyumba yako nimeipaka samadi upya, na ile bati iliyokuwa inapiga kelele nimeigongelea. Kisima nimekifunika. Ukiwa na nguo unayotaka nikutumie, sema.

Kuhusu yale uliyoandika, usiwe na wasiwasi. Kila kitu kiko sawa langoni.

Usikimbilie kurudi. Mama ni mmoja tu. Kaa naye mpaka apone kabisa, hata Pasaka ikipita.

Mimi,
Waceke


Yamumbi, Eldoret
9 Desemba 1985

Gathogo mwanangu,

Barua ya Nelima ilifika Jumanne. Miti ilianguka Jumamosi.

Nakuandikia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Tulikuja kikundi kizima, tumeimba njia nzima. Lazarus alitaka kuanza na ile ya mtoni, mimi ndiye nikasema hapana, anza na hii miwili, hii ndiyo vijana wa Gathogo waliichagua. Ilianguka vizuri sana, bila kugusa ua. Tulipiga vigelegele. Mimi nilipanda juu ya shina nikacheza, Gathogo, mama yako, na umri huu. Ile ya mtoni hatukuifikia, msumeno ulikuwa umechoka. Lazarus alikuwa arudi Jumatano akatekate urefu wa nguzo. Nimemwambia asirudi. Hajui kwa nini. Ile miwili imelala pale langoni mizima, mirefu kama watu waliolewa.

Nelima alisema nisiguse. Aliisema mara mbili. Na mimi leo asubuhi nimemwandikia kwamba langoni kuko sawa. Sijui mkono wangu ulipata wapi nguvu ya kuandika hivyo. Nilifunga bahasha upesi, kama mtu anayefunika chungu kilichoungua.

Sasa nisaidie mwanangu. Watu wanasema kule Nairobi bado mnapima simu na redio. Usipime sana. Chagua simu. Nguzo zikisimama na waya ukapita kwa Nelima, nitaweza kumwambia, Ona, miti ya Wasike haikufa, inabeba sauti za watoto. Mtu akionyeshwa jambo kubwa anaweza kusamehe. Lakini kama si simu, nitamwambia iliangushwa kwa ajili gani? Kwa ajili ya kinywa cha Waceke? Na kanisani nitapita wapi?

Hili si jambo kubwa kwako. Wewe ndiye mwenye kuchagua. Ni kusema neno tu.

Mama yako


Nairobi
14 Januari 1986

Mama mpendwa,

Nisamehe nimekawia kujibu. Nilianza barua hii kabla ya Krismasi nikaiacha, nikaanza nyingine.

Kamati imekutana, nami nimetoa neno langu, likakubaliwa. Tumechagua redio koli.

Nataka nikueleze kama ningemweleza baba angekuwa hai, usije ukadhani nilikudharau. Waya hufuata barabara na mji. Ningechagua simu, shule za karibu na Eldoret zingeongea vizuri sana, na hizo hata leo zinaweza kutuma mtu kwa baiskeli. Lakini kutoka juu ya mteremko wa Elgeyo kushuka bondeni hakuna atakayeuteremsha waya mwaka huu wala ujao. Zile shule zilizokaa kimya zingezidi kukaa kimya, na sisi tungesema tumemaliza kazi. Mama, mwaka juzi msichana wa darasa la tano kule bondeni aliumwa na nyoka akiwa shuleni. Mwalimu wake alipanda mteremko kwa miguu kutafuta gari. Gari lilipatikana. Liliposhuka, walikuwa wanachimba kaburi. Huyo mwalimu alikuja mbele ya kamati yetu. Hakuomba chochote, alieleza tu halafu akakaa. Nimemweka yeye mbele yangu kila nilipokuwa nikipima.

Redio inapita juu ya mabonde bila kuomba njia. Kibali kimetoka kikiwa na muhuri, na kila shule itakuwa na saa yake ya kusema, kwa hivyo mwambie Mzee Lazarus asiogope.

Uliniambia ni kusema neno tu. Mstari huo nimeusoma mara nyingi. Sikuuonyesha mtu. Nilikuonea huruma, halafu nikakuonea haya, halafu nikajionea haya mimi mwenyewe kwa kukuonea haya mama yangu.

Sasa ni lazima nikuambie jambo la mwisho, ingawa ningependa nisiliseme. Redio haitaki nguzo za njiani. Inataka waya mmoja mrefu, unaitwa eriali, unaofungwa juu kabisa kati ya vitu viwili virefu, ndio unaonasa sauti. Yamumbi iko juu, kwa hivyo tumeifanya kituo kikuu: bondeni wakiita, sauti inafika Yamumbi kwanza, na Yamumbi inaita hospitali. Vijana wangu walipata pale kando ya ua wa shule miti miwili iliyosimama vizuri kuliko milingoti yoyote ya kununua. Waliipenda sana. Nilipanga nije mwenyewe nipige magoti kwa mama mdogo Nelima, nimwombe ruhusa ya kufunga waya juu bila kukata hata tawi.

Ni ile, mama.

Na hapa nina kosa langu. Ungejua mapema, usingekata. Sikukuambia kwa sababu niliogopa: wewe ukijua jambo saa nne, saa sita linajulikana Kiplombe. Nilikuficha kama mtoto anayeficha sukari. Tumeiangusha sisi wawili.

Shule ya bondeni imeshapata sanduku lake la redio. Wanangoja Yamumbi tu.

Mwandikie mama mdogo. Usiniachie mimi.

Mwanao,
Gathogo


Yamumbi, Eldoret
27 Januari 1986

Nelima,

Nilikudanganya. Langoni si sawa. Miti miwili ya Wasike niliikata tarehe 30 Novemba, kabla barua yako haijafika, na barua ilipofika nilikuandikia habari za kuku.

Si simu. Gathogo amechagua redio, na amechagua vizuri, nilitaka kumzuia na nashukuru hakunisikia. Wale vijana hawakutaka nguzo. Walitaka miti yako isimame hivyo hivyo, wafunge waya juu yake wa kunasa sauti kutoka Kerio. Ningewauliza swali moja tu, "Ya nini?", wangenijibu wakiwa na kiazi mdomoni. Sikuuliza kwa sababu nilitaka waone najua.

Hata ungekuwa hujakataza, ningekuwa nimekosa. Nilikupa mpaka Jumamosi kama karani wa ushuru. Shamba si langu, mume si wangu, miti si yangu, na mimi nikasema ukinyamaza umekubali.

Sasa watu wakipita wananiuliza, "Mama Gathogo, simu inafika lini?" Nasema, "Bado." Kila siku nasema bado. Naenda kuteka maji kwa njia ya chini nisipite langoni kwako. Jumapili nakaa nyuma kabisa na wale wanaokuja wakichelewa.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu usijue kwa mtu mwingine.

Waceke


Yamumbi
17 Februari 1986

Nelima,

Sijapata barua yako. Najua haikupotea posta. Mama anaendeleaje?

Kuku mwingine ameangua. Sisemi zaidi ya hayo.

W.


Kimilili
3 Machi 1986

Waceke,

Mama anatembea kwa fimbo.

Barua yako nimekaa nayo wiki nyingi. Ya kwanza niliyoandika kukujibu ilikuwa mbaya, mama akasema nisome kwa sauti. Nikasoma. Akasema, "Hiyo mpe jiko." Nikaipa jiko. Ya pili pia.

Kwanza nikuambie kilichoniuma, ili usijidanganye ni miti tu. Mti ni mti. Wasike mwenyewe angesema hivyo baada ya kukasirika siku tatu. Kilichoniuma ni ile barua ya kuku. Nilimsomea mama kwa furaha. Nilisema, unaona nilivyo na dada, hata bati inayopiga kelele ameigongelea. Na wewe wakati huo umekaa kati ya mashina unapaka nyumba yangu samadi. Samadi ya nini? Kunifunika macho? Usinifanyie hivyo tena. Nitukane, nipige, nikatie hata nyumba, lakini usiniandikie habari za kuku.

Halafu nimesoma pale ulipoandika habari ya Kerio. Uliandika upesi upesi kama mtu anayepita. Gathogo naye ameniandikia, kwa heshima sana, akanieleza habari ya yule msichana na nyoka, na mwalimu aliyepanda mteremko. Sikulala vizuri. Wasike alipanda miti ili anayetutafuta atupate. Hata hakujua kuna watu wangetutafuta kutoka Kerio.

Kwa hivyo sikia ninalotaka. Ni mambo mawili, na usibishane.

La kwanza. Kinywa kilichotangaza simu kanisani ndicho kitangaze kwamba si simu. Si mchungaji, si Gathogo. Wewe. Usimame pale pale ulipoongeza kidogo. Na usiseme tulidhani, usiseme walisema. Sema mimi.

La pili. Gathogo ameniambia mashina bado yako mazima. Basi yasimamishwe. Yamenywe magome, yachimbiwe mashimo pale pale, na waya wa Gathogo ufungwe juu. Na mikono ileile iliyoimba ikiangusha ndiyo itakayovuta kamba. Wanaume wasaidie, lakini kamba ya mbele ni ya akina mama wa kikundi, na wa kwanza kwenye kamba ni wewe, Bibi Mcheza Dansi. Ndiyo, hiyo ya kucheza juu ya shina nimeisikia, Lazarus ana binamu hapa Kimilili. Unadhani redio ni ya Gathogo peke yake?

Niandikie siku. Nitakuja, lakini sijui nitajuaje nimefika.

Nelima


Yamumbi, Eldoret
24 Machi 1986

Dada yangu Nelima,

Nimesimama. Ilikuwa jana, Jumapili ya Matawi, kanisa limejaa mpaka watu wamekaa madirishani. Nilitaka kungoja Jumapili ndogo isiyo na watu, halafu nikajua hiyo nayo ni habari ya kuku.

Mchungaji alidhani naleta habari njema. Akasema, "Mama Gathogo ana neno," na watu wakaanza vigelegele kabla sijafungua kinywa! Nelima, hakuna aibu kama kupigiwa vigelegele unapokwenda kukiri. Nilishika kiti cha mbele. Nikasema si simu. Nikasema hakuna nguzo, hazikuwahi kuwako, nilizijenga mimi kwa kinywa changu. Nikasema miti ya Wasike nilikata mimi, kabla mwenyewe hajajibu, na alipojibu hapana nilimficha. Ungesikia matawi yakitikisika mikononi mwa watoto. Mtu mmoja nyuma akasema, "Na mimi nimeshamwambia mkwe wangu nambari ya simu nitamletea!" Watu wakacheka. Nikatamani sakafu initoe kwa chini. Halafu Mzee Lazarus akasimama na kofia mkononi, akasema ile habari ya serikali na redio aliisema yeye, na kwamba msumeno ulikuwa wake. Nikamwambia, "Mzee, kaa. Wewe ulishika msumeno, mimi nilishika mdomo." Nisingesema hivyo mbele ya wazee, lakini ilitoka.

Niliporudi kiti changu cha nyuma, akina mama wa kikundi walinifuata wakakaa nami huko nyuma, wote, mbele pakabaki patupu. Nililia, na si kilio kizuri.

Baada ya ibada nilipita njia ya juu, langoni kwako, mara ya kwanza tangu Desemba. Visiki vimechipua, majani ya buluu kama ya kitoto. Nakuambia kwa sababu ni vyako na una haki ya kujua, si ili nipunguziwe.

Magome tumeyamenya leo asubuhi. Mashina yamekauka vizuri, meupe. Gathogo anakuja na wale vijana wake wawili, na safari hii nimekata shauri kuwauliza kila kitu, hata kama wataniona sijui. Nimemwandikia nikamwambia ile barua yangu ya kusema neno tu aichome. Amejibu kwamba hataichoma, anaiweka, siku mtu mwingine atakapomwomba neno kama hilo asikubali kirahisi, kwa sababu alishalikataa kwa mama yake. Sijui kama nifurahi au nijifiche. Nimefanya yote mawili.

Yule mwalimu wa bondeni ameambiwa siku. Atakaa na sanduku lake tangu asubuhi, na waya ukishafungwa ataita. Gathogo ananitaka niwe wa kwanza kumjibu, eti kwa heshima ya mama. Nimekataa. Nimesema wa kwanza ni Nelima, kwa sababu ndiye aliyetafutwa. Ujiandae na neno la kusema. Usiseme mulembe tu ukaishia hapo kwa woga, mimi nakujua.

Umesema hutajua umefika, kwa sababu miti hutaiona. Ni kweli, na hiyo ndiyo sehemu inayonikosesha usingizi kuliko zote. Hatutasimamisha bila wewe, kwa hivyo ukitazama juu kutoka barabarani utaona mbingu tupu. Basi sikia. Nimetoa ile leso yako nyekundu sandukuni, ile ya Gathogo, nimeifua. Nitakuja mpaka barabarani, pale ambapo miti ilikuwa inaonekana kwanza, nitasimama na leso nimeinua juu. Nitasimama hapo tangu asubuhi. Wanaopita watauliza yule mama anangoja nini, na safari hii nitawajibu bila kuongeza. Ukiniona, umefika.

Kila mtu ameambiwa: kikundi chote na kamba zao, wazee wa kanisa, Lazarus bila msumeno, walimu, na Gathogo na wenzake. Shule zitakuwa zimefungwa, uwanja ni wetu. Mwambie mama akiweza kupanda gari naye aje, nimemwekea kiti.

Ni Jumamosi, tarehe 12 Aprili.

Waceke